Makondakta Watatu wa Baba Mkwe

Mume wangu alilileta boksi lile nyumbani kwetu Mazwi Jumamosi moja mchana, amelifunga kwa kamba ya katani nyuma ya baiskeli. Mzungu mmoja, mhandisi wa mradi wa maji, alikuwa amemaliza mkataba na anarudi kwao, na siku hiyo alikuwa anauza kila kitu uani kwake: vitanda, sufuria, mapazia, hata kamba za kuanikia nguo. Mume wangu alikwenda kutafuta jeki. Alikuta jeki imeshapata mwenyewe, akarudi na redio kaseti na boksi la kaseti zilizotumika.

"Za nini zote hizi?" nikamuuliza.

"Za kurekodia. Unaziba yale matundu mawili ya juu kwa karatasi, basi, unarekodi unachotaka."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa. Maduka ya mjini, ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, yalikuwa yamejaa ghafla sabuni za kila rangi, vitambaa, betri na redio. Kaseti tupu zilikuwepo, lakini zile nzuri zilikuwa bado adimu Sumbawanga, na zile mbaya zilikuwa zinaimba wiki mbili kisha zinajikunja ndani ya redio kama tambi. Nikaona boksi lile ni bahati. Nikaanza kupanga kichwani: tatu za kwaya ya parokia, nne za dansi, moja ya sauti za ndugu zangu wakija.

Nikakaa kwenye kigoda nikawa nazitoa moja moja. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi za serikali pale mjini, na mpiga chapa ana ugonjwa wa kusoma kila kilichoandikwa, hata maandishi ya mfuko wa saruji. Nyingi zilikuwa hadithi za watoto kwa lugha yao na mafunzo ya kunyoosha viungo. Kisha nikakuta tatu zenye jina moja. Mtunzi mmoja, simfoni moja, namba ile ile. Kilichotofautiana ni jina la okestra na jina la mtu mmoja, na karibu na jina lake pameandikwa kwamba yeye ni kondakta.

"Alikuwa msahaulifu huyu mzungu," mume wangu akasema. "Amenunua wimbo mmoja mara tatu."

"Na okestra zao zina kondakta," nikasema.

Tukacheka. Kwetu wakati ule kondakta alikuwa yule kijana wa basi la Mbeya anayening'inia mlangoni na kugombana na watu juu ya mizigo. Nikawaona watu themanini wamekaa na fidla zao mapajani, na mtu mmoja anapita katikati yao akidai nauli.

"Msizibe hayo matundu," sauti ikatoka sebuleni.

Ilikuwa ya baba mkwe. Alikuwa na mwezi mmoja kwetu. Alipanda kutoka Kaoze, kule bondeni, kwa sababu ya mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yamefunga, anaona mwanga na vivuli tu, na tulikuwa tunasubiri madaktari wa macho ambao huja hospitali ya mjini mara chache kwa mwaka. Kabla ya kurudi kulima, alikuwa ametumika miaka mingi pwani katika bendi ya matarumbeta ya askari. Yeye alipiga lile kubwa kuliko yote, linalozunguka mwili kama chatu na kutoa sauti moja nzito chini ya nyingine zote.

Akatoka hadi mlangoni, mkono ukutani.

"Kondakta huyo hakusanyi nauli," akasema. "Anasimama mbele na kijiti. Hapigi chombo chochote. Katika watu wote wale yeye ndiye pekee asiyetoa sauti, na mambo yakiharibika, yeye ndiye analaumiwa."

"Sasa kama hapigi chochote, wakiwa watatu si ni wimbo ule ule?" mume wangu akauliza.

"Wewe unaendesha lori la mahindi kwenda Tunduma. Barabara ni moja. Mbona marehemu mama yako alikuwa anachagua dereva wa kumpa mayai ayasafirishe?"

Mume wangu hakuwahi kupewa yale mayai.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Jumatatu mume wangu akaondoka, kama kila wiki, na lori la tajiri wake, mfanyabiashara wa pale sokoni, na tukabaki nyumbani mimi na baba mkwe na kaseti tatu.

Ni lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tunaishi. Mimi ni Mfipa na nililelewa Kifipa. Baba mkwe nilimsalimia kwa kuchutama na kugonganisha viganja polepole, macho chini. Sikula naye meza moja. Sikukaa naye sebuleni kupiga soga. Nikitoka kazini, nilimsalimia, nikamwekea maji, kisha nikaenda jikoni, kwenye banda la nyuma lenye dirisha linalotazamana na dirisha la sebule. Mwezi mzima sidhani kama tulikuwa tumesema maneno hamsini, na nusu yake yalikuwa shikamoo na marahaba.

Kaseti zilibadilisha utaratibu huo, kwa sababu yeye hakuweza kusoma kava wala kupata vibonye vizuri. Ilibidi niingie, niweke kaseti aliyotaka, nitoke. Kisha muziki ukianza, yeye yuko kwake na mimi niko kwangu, na dirisha kwa dirisha tunasikia kitu kile kile.

Siku za mwanzo sikusikia chochote cha maana. Nilikuwa napeta ulezi, na muziki ule ulinipita kama mvua ya nyumba ya jirani. Ulikuwa na sehemu nne. Ya kwanza ilikuwa na makelele mengi na ngoma, ya pili ya taratibu na ya huzuni, ya tatu ya kuchezeka kidogo, na ya nne ilikuwa inaaga kwa muda mrefu sana, kama mgeni anayesema naondoka na bado ameshika kikombe. Siku ya nne niliweka kaseti nyingine, nikarudi kwenye ungo wangu, na mara nikaona mikono yangu inapeta haraka zaidi. Nikasimama. Wimbo ulikuwa ule ule. Mtu ndiye aliyebadilika.

Nilikijua kitu hicho. Ofisini tulikuwa wapiga chapa watatu, vyumba vitatu, na mimi nikikaa kwangu niliweza kujua kwa sikio nani anachapa. Mmoja alikuwa anagonga kwa hasira mwisho wa kila mstari. Mwingine alisita kabla ya kila herufi kubwa kama anayevuka mto. Barua ilikuwa moja, ile ile ya "husika na kichwa cha habari hapo juu", lakini kila mmoja aliichapa kwa mwendo wake. Nikaingia sebuleni, nikachutama.

"Baba, huyu wa leo ana haraka."

"Umesikia," akasema. Nadhani alifurahi, ila alijizuia. "Huyo anawahi basi. Mtoe."

Tukawapa majina. Huyo akawa Mwenye Haraka. Yule wa kwanza, mpole na mzito, ambaye kila sauti yake nzito ilikaa chini kama mtu anayekaa kwenye kiti chake mwenyewe, baba mkwe alimwita Askofu. Wa tatu alirekodiwa mbele ya watu, na sehemu ya pili ilipokuwa inaanza, mtu mmoja kule kwao alikohoa kikohozi kikavu ambacho kingempeleka mtu wa Sumbawanga hospitali siku hiyo hiyo. Huyo tulimwita Mwenye Kikohozi, ingawa kondakta mwenyewe hakuwa na kosa.

Baba mkwe alikuwa mtu wa Askofu, na hakuficha. Mimi nikajikuta mtu wa Mwenye Haraka. Siwezi kusema ni kwa nini. Labda kwa sababu ofisini siku nzima niliambiwa taratibu, taratibu, usikosee, karatasi ni chache. Tabu ni kwamba mkwe hambishii baba mkwe usoni. Lakini nilivumbua kwamba kupitia dirishani, muziki ukiwa unaendelea na mikono yangu ikiwa kwenye maharage, naweza kusema jambo na lisiwe ubishi.

"Huyu Askofu amelala," nikayaambia maharage.

"Aliyelala ni wewe," sauti ikajibu kutoka sebuleni. "Sikiliza chini. Sikiliza hao wa sauti nzito. Wanapata nafasi ya kupumua."

"Mwenye Haraka naye anapumua."

"Anahema. Kupumua na kuhema ni mambo mawili."

Jirani aliyepita siku hiyo alidhani nina mgeni jikoni.

Kulikuwa na siku betri zilichoka. Tulikuwa tunazianika juani juu ya bati ili zipate nguvu kidogo, lakini hazikufika mbali. Mwenye Haraka alianza kwa mwendo wake, akapungua, akapungua tena, mpaka akawa Askofu. Baba mkwe akasema kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliyesubiri sana, "Naona ameokoka."

Hata hivyo alikuwa na kosa moja, na nililiona mapema. Hakuwahi kumsikiliza Mwenye Haraka mpaka mwisho. Sehemu ya kwanza ilimuudhi kiasi kwamba kabla haijaisha alikuwa ameshasema mtoe. Mimi nilikuwa nikimsikiliza mpaka mwisho, siku za Jumapili yeye akiwa kanisani na mimi nikipika, na nilijua kwamba sehemu yake ya pili ni kitu kingine kabisa. Nilipomwambia, alisema nguo hujulikana kwa pindo la kwanza. Sikujua kama hayo ni maneno ya mafundi cherehani au ameyatunga palepale.

Siku moja alikuja mgeni, mzee aliyefundisha kwaya ya parokia kwa miaka mingi, rafiki yake tangu ujana. Niliwawekea chai na mihogo ya kuchemsha. Nikiwa natoka nikasikia baba mkwe anasema, "Huyu mkwe wangu ni mtu mzuri sana, isipokuwa masikio yake ni ya mashine ya chapa. Anapenda kinachokwenda taka-taka-taka."

Mzee wa kwaya akacheka. Nami nikacheka, kama inavyompasa mkwe. Lakini nilipofika jikoni niligundua sijafurahi.

"Mama," baba mkwe akaita. "Tuwekee Askofu. Sehemu ya pili tu, mzee ana haraka."

Nikaenda. Nikachukua kaseti ya Mwenye Haraka.

Sikuwa nimepanga. Mkono ulikwenda wenyewe, na mimi nikaufuata. Nikaisogeza mbele mpaka mwanzo wa sehemu ya pili, ambapo nilipajua vizuri, nikabonyeza, nikasema, "Tayari, Baba," nikatoka kwa mwendo wa heshima. Kisha nikajificha chini ya dirisha la jikoni.

Fidla zikaanza polepole. Baba mkwe akainua mkono.

"Unasikia?" akamwambia mwenzake. "Huyu haharakishi. Anaweka sauti chini, anaiacha ikae. Sikiliza hao wazito. Huyu mtu anajua huzuni haina pa kwenda."

"Kweli kabisa," mzee wa kwaya akasema.

"Mkwe wangu anasema amelala."

"Ah," mzee wa kwaya akasema, kwa huruma.

Mimi kule chini niliuma kanga. Machozi yalinitoka kwa kicheko. Muziki ukaendelea, wazee wakanyamaza, na kadiri walivyonyamaza ndivyo kicheko kilivyoniishia. Nilichungulia. Baba mkwe alikuwa ameinamisha kichwa, na yale macho yasiyoona yalikuwa wazi, na mkono wake ulikuwa bado hewani, umesahauliwa. Alikuwa mzee asiyeona, aliyeniamini nimsomee jina la kitu anachokipenda. Nikarudi kwenye sufuria yangu nikiwa mdogo kuliko nilivyoondoka.

Nilivumilia mpaka kesho yake mchana. Nilipotoka kazini nikaingia, nikachutama, nikagonganisha viganja muda mrefu kuliko kawaida.

"Baba, nimekukosea. Jana sikuweka Askofu. Niliweka Mwenye Haraka."

Jirani alikuwa anatwanga, na nilihesabu mipigo ya mchi mpaka nikapoteza hesabu.

"Sehemu ya pili?"

"Ndiyo, Baba."

"Haya," akasema. "Nenda kapike."

Siku tatu redio haikulia. Alikula, alinishukuru, alijibu salamu, lakini hakuniita. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba ukimya wa nyumba ile ungeniumiza, maana kabla ya boksi tulikuwa tunaishi nao vizuri. Ofisini nilikosea barua mbili na kupoteza karatasi ambazo tuliambiwa ni chache. Siku ya nne nikamkuta ameketi karibu na redio, amejifunga shuka lake begani kwa sababu ya upepo wa Juni.

"Weka Mwenye Haraka," akasema. "Sasa uniambie jina lake la kweli kabla hujaweka."

"Mwenye Haraka, Baba. Kaseti ya kijani."

"Toka mwanzo. Usiitoe."

Akamsikiliza sehemu zote nne, pande zote mbili za kaseti. Mimi nilibaki dirishani jikoni. Mwisho akakohoa, akasafisha koo.

"Sehemu ya kwanza ni mpumbavu," akasema. "Ya pili ni mtu mzima. Ya tatu anarudia upumbavu. Nilimhukumu na kesi haijaisha."

"Nami nilikudanganya, Baba."

"Ulinidanganya. Ila ungenibembeleza mwaka mzima nisingesikiliza." Kisha akaongeza, "Mumeo akirudi, na wewe tutakupima."

Mume wangu alirudi Ijumaa na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Hakupewa hata nafasi ya kuoga. Baba mkwe alimwelekeza anigeuze niangalie ukuta, aweke vipande vifupi vya kaseti tatu, popote anapotaka, na asiseme kitu. Mimi niseme ni nani.

Cha kwanza nikasema Mwenye Haraka, nikapata. Cha pili kilikuwa cha sehemu ya nne, kikubwa na kizito. Nikasema kwa kujiamini sana, "Askofu."

Mume wangu akaigeuza kava mkononi.

"Sema," baba yake akamwambia.

"Hii kava ina picha ya mto."

Ilikuwa ya Mwenye Kikohozi. Ndipo nilipojua kwamba miezi yote hiyo nilikuwa namtambua mtu yule kwa kikohozi cha mwingine. Bila kikohozi sikumjua hata kidogo. Baba mkwe alicheka mpaka akashika ubavu, na nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Mume wangu alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Nimeacha watu wawili wazima nyumbani," akasema. "Nakuta mnagombania makondakta." Akaenda kuoga.

Madaktari wa macho walikuja Agosti. Baba mkwe alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, akalala hospitali siku chache, akarudi na kiraka, kisha kiraka kikatoka akapewa miwani minene. Nilitegemea atamtazama mwanawe, au atatoka nje atazame milima. Alimtazama mwanawe, akasema amenenepa. Alinitazama mimi, akasema, "Kumbe ni wewe," na mimi nikashindwa kuinamisha macho kwa wakati. Kisha akaomba kaseti.

Alizisogeza karibu na pua. Akasoma makava, polepole, herufi kwa herufi. Akatoa karatasi za ndani zilizokunjwa, ambazo mimi, msomaji wa mifuko ya saruji, sikuwahi kuzikunjua kwa sababu zilikuwa zimegandana. Alizifungua kwa ukucha kwa uangalifu mkubwa. Baada ya muda akaniita.

"Mama, njoo usome hapa. Sina uhakika na jicho hili."

Palikuwa na orodha ya sehemu nne, na mbele ya kila sehemu dakika zake. Nikasoma. Sehemu ya pili ya Askofu, kisha ya Mwenye Haraka. Nikasoma tena.

Mwenye Haraka alitumia dakika nzima na ushee zaidi ya Askofu.

"Hawakukosea?" nikauliza.

"Ninyi wapiga chapa ndio mnajua kama watu hukosea."

Tulizipima wenyewe kwa saa yake ya mkono, yeye akiwa kwenye kiti na mimi nimekaa kwenye kizingiti cha sebule, mahali ambapo zamani nisingekaa. Hazikukosea. Yule tuliyemwita Askofu ndiye aliyekuwa anapita haraka mahali pale, ila kwa namna fulani alikuwa anafanya kila kitu kionekane kimekaa. Na Mwenye Haraka, kwa ule mwendo wake wa kuwahi basi, alikuwa amesimama njiani muda mrefu kuliko wote na hatukumwona.

"Basi siku ile nilisema kweli," baba mkwe akasema. "Nilisema haharakishi. Ulinidanganya jina, masikio hayakudanganyika."

Hilo lilimpa furaha kubwa, na alimsimulia mzee wa kwaya, na mwanawe, na kila aliyekuja kumpa pole ya jicho, akiwaeleza tangu mwanzo, pamoja na mimi kujificha chini ya dirisha. Sijui nani alimwambia kwamba nilijificha.

Majina hatukuyabadilisha. Tulijaribu siku mbili, tukachanganyikiwa.

Alirudi Kaoze kabla ya mvua, kulima. Asubuhi ya kuondoka nilimfungia kaseti zote tatu pamoja na redio ndani ya blanketi. Akasema redio ni ya mwanawe. Nikamwambia mwanawe anaimba mwenyewe akiwa njiani. Mume wangu aliporudi na kuuliza redio iko wapi, nikamwambia imeshuka bondeni, akatikisa kichwa, akala.

Mwezi wa Desemba ikaja barua kupitia dereva mmoja, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mvua imeanza vizuri. Jicho linaona mpaka kwenye mipaka ya shamba. Amepata jirani mpya, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani na ng'ombe wengi, na huyo huja kusikiliza akishafunga zizi. Mwanzoni alikaa nje. Sasa anaingia na kigoda chake. Amesema Askofu anafaa kwa ng'ombe waliotoka mbali, Mwenye Kikohozi apewe dawa, na Mwenye Haraka angekuwa bora kuliko wote kama angeondoa ile sehemu ya tatu, maana haina kazi.

"Nimemwambia sehemu haziondolewi," baba mkwe aliandika. "Nimemwambia aende akafikirie, kisha arudi Jumatano."